Simba Kabatini, Fisi Mlangoni: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Madarasa ya Awali, Mwanza

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali waliokutana jijini Mwanza. Inawekwa hapa yote kwa ombi la wale ambao kivuko, msiba au zamu ya kazi iliwazuia kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo. Pale zilipohitajika, zimeelezwa kwa maneno.

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, na wazee wetu mlioketi mbele: mwadila! Asanteni kwa kuitika kwa sauti, maana saa hizi za mchana, baada ya wali na sato, msemaji yeyote ana haki ya kuuogopa usingizi wa wasikilizaji wake.

Na usingizi ndio mahali pa kuanzia. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya umuhimu wa vitabu vya picha katika malezi. Mada hiyo ingetuweka hapa mpaka kesho, kwa hiyo nimeipunguza mwenyewe. Nitazungumza juu ya kitabu kimoja chembamba, katuni iliyotokana nacho na ndugu zake, na mtoto mmoja wa miaka minne ambaye hataki kulala. Je, yupo mzazi humu ndani asiyemjua mtoto huyo? Nyoosha mkono nikuone. Hayupo.

Kitabu chenyewe kilitoka Uswidi mwaka 1972. Aliyekitunga ni Gunilla Bergström, mama aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kugeukia vitabu vya watoto, na ambaye aliandika na kuchora mwenyewe, akichanganya michoro ya kalamu na vipande vya karatasi na vitambaa alivyovikata na kuvibandika. Alifariki mwaka 2021, akiwa ameacha vitabu vingi juu ya mtoto yule yule mmoja, navyo vimesomwa katika lugha nyingi za dunia. Mtoto huyo anaitwa Alfons Åberg. Ana kichwa cha mviringo chenye nywele za kuhesabika, na anaishi na baba yake, mtu mpole anayevuta kiko na kupenda gazeti lake.

Nawasimulia usiku wenyewe ulivyokwenda. Alfons amelazwa, lakini usiku huo ameamua kuwa msumbufu. Baba anamsomea hadithi ndefu, hadithi inakwisha, taa inazimwa, na mara sauti inatoka chumbani: mswaki! Baba analeta mswaki. Kiu! Baba analeta maji, maji yanamwagika kitandani, shuka linabadilishwa. Mkojo! Baba analeta poti. Kisha inakuja taarifa kwamba ndani ya kabati kuna simba. Baba, mtu mzima ajuaye fika kwamba simba hawakai kabatini, anakwenda, anafungua, anatazama, na kurudi na jibu kwamba hakuna simba. Mwisho ni dubu wa kuchezea. Amepotea, na bila dubu hakulaliki. Baba anamtafuta huku na huko, mpaka sebuleni. Halafu kimya. Alfons anaita, haitikiwi. Anashuka kitandani, anakwenda kuchungulia, na kumkuta baba yake amelala fofofo sakafuni. Mtoto anamfunika blanketi, anarudi kitandani mwake, analala. Kitabu kimekwisha.

Ndugu zangu, ni nini kimetokea katika kitabu hiki? Hakuna mfalme, hakuna sungura mjanja, hakuna yatima aliyepata utajiri. Hakuna aliyechapwa. Hakuna aliyejuta. Mtoto amesumbua, mzazi amechoka, wote wawili wamelala. Na bado nimewaona watoto wa miaka minne na mitano wakikisikiliza bila kupepesa macho, kisha wakasema neno moja tu: tena.

Nilipowasomea watoto wa darasa la awali huko Magu, nikiwafunulia kurasa na kueleza kwa Kiswahili changu mwenyewe, walinisimamisha penye kabati. Kwanza, wengi wao nyumbani hawana kabati. Nguo zinakaa katika begi au zinaning'inia kwenye kamba. Pili, simba walimkataa. Sisi tulio jirani na Serengeti tunajua simba anakaa wapi. Wakasema aliyepo ni fisi, tena yuko mlangoni, na watu wazima tuliokuwamo darasani tulitazamana, maana kila aliyekulia Usukumani anajua fisi wa usiku mlangoni ni habari ya uchawi. Nikakubali. Tangu siku hiyo, ninapokisoma kitabu hiki, simba amekuwa fisi, na baba wa Alfons anachukua tochi, anafungua mlango na kumulika uani pote, kisha anarudi na kusema: nimetazama, hayupo.

Nataka mlitazame jambo hilo la kutazama. Baba angeweza kusema kutokea kitini, bila kushusha gazeti, kwamba hakuna simba duniani anayekaa kabatini, lala. Angekuwa amesema kweli, na mtoto asingelala. Badala yake alikwenda akafungua. Hofu ya mtoto aliifanyia uchunguzi. Hapo ndipo lilipo jambo langu kubwa la leo, na yote nitakayosema yanatoka humo: shida ya mtoto mdogo ni shida. Si mchezo wa shida, si mazoezi ya shida zitakazokuja akikua. Ni shida, leo, ya mtu kamili kabisa ambaye urefu wake unaishia kiunoni kwetu.

Mtaniambia, mwalimu, hayo ni ya Ulaya. Haya, twendeni mwaloni, kule wanakotia nanga wavuvi.

Mwalimu mmoja wa darasa la awali, katika shule moja iliyo karibu na mwalo huku Ilemela, alikuwa na mwanafunzi wa kiume aliyemsumbua akili. Kuna majuma mtoto alikuwa mchangamfu, wa kwanza kunyoosha kidole, wa kwanza kuimba. Kisha yalikuja majuma mengine ambapo alisinzia juu ya dawati tangu namba ya kwanza mpaka uji. Walidhani ni malaria, wakampima, hana. Walidhani ni njaa, anakula. Katika daftari lake kuna mahali mtu aliandika kwa wino mwekundu: mvivu. Ilibidi mama yake, mchuuzi wa dagaa, aje shuleni ndipo mambo yakaeleweka, na alieleza huku akicheka, akishangaa kwamba watu wenye elimu wameshindwa kuona jambo la wazi kama lile. Mtoto alikuwa anafuata mwezi.

Ninyi wa visiwani mmeshaelewa. Kwa wengine, niseme. Mvuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa sababu dagaa huvutwa na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukishakuwa mpevu, mwanga wake unatapakaa juu ya maji yote na taa ya mvuvi haina tena cha kuvutia. Mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na baba hulala nyumbani. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa na baba wa usiku kwa siku chache tu za kila mwezi. Katika siku hizo alikataa katakata kulala. Kiu! Mkojo! Fisi! Alikuwa na kila sababu aliyonayo Alfons, na moja zaidi ambayo Alfons hanayo: akifumba macho, usiku mmoja kati ya usiku wake mchache na baba umepotea. Asubuhi anakwenda shule akiwa hajalala, na shule inaandika mvivu.

Nauliza: ni kitabu gani katika maktaba zetu kinachomweleza mtoto huyo? Ni katuni gani aliyowahi kumwona humo mtoto ambaye baba yake huja na mbalamwezi? Tunavyo vitabu vya kumfundisha herufi, navyo ni vizuri. Tunavyo vya kumfundisha kunawa mikono, navyo tunavihitaji, hasa sisi wa kandokando ya ziwa tunaokijua kipindupindu. Lakini kitabu cha kumwambia "nimekuona, hata wewe habari yako inaandikika", kiko wapi?

Sasa niende kwenye fimbo.

Hadithi zetu nyingi za watoto zinakwenda mwendo mmoja. Mtoto anakatazwa, mtoto hasikii, mtoto anapatikana na balaa, na chini ya ukurasa kuna swali: Je, umejifunza nini? Nimefundisha kwa vitabu hivyo muda mrefu, nami najua jinsi watoto wanavyolijibu swali hilo: kwa pamoja, kwa sauti ya kukariri, macho yakiwa dirishani. Na nyumbani hatuna tofauti kubwa. Usipokula, nitamwita polisi. Usiponyamaza, daktari atakuchoma sindano. Halafu siku mtoto anapougua tunamfikisha hospitali, anapiga mayowe akiona koti jeupe, nasi tunashangaa amejifunzia wapi kumwogopa daktari.

Bergström alikuwa na kitabu kingine, cha mwaka 1978, ambacho nakihesabu kuwa bora kuliko vyote. Safari hii Alfons amefanya kosa, na si la mchezo: katika mambo ya mpira, amempiga mtoto mdogo kuliko yeye. Hakuna mkubwa aliyeona. Hakuna aliyemshitaki. Lakini usiku, chini ya kitanda, linaingia dude. Linahema. Usiku unaofuata lipo tena. Baba hajui lolote, wala mwandishi hamleti mwalimu wala polisi kutoa adhabu. Anamwacha mtoto na dude lake mpaka mtoto mwenyewe anatambua kwamba dawa haiko chini ya kitanda bali iko nje, kwa yule mtoto aliyempiga, na anakwenda kumtafuta wapatane. Wakishapatana, chini ya kitanda hakuna kitu.

Wapo watakaosema kitabu cha namna hii kinadekeza. Nawauliza: ni lipi gumu zaidi kwa mtoto, kuchapwa viboko viwili na kumaliza, au kukaa na dude usiku kucha na kesho yake kumtazama machoni uliyemwonea? Kiboko kinamfungia mtoto hesabu. Dude linamwachia wazi.

Wala msidhani kwamba busara hii imetoka baridini. Wazee mliokulia Kwimba, Magu na Maswa mnamjua Masala Kulangwa, yule shujaa wa hadithi za Kisukuma. Shing'weng'we, lile jitu, limemeza watu wote na mifugo yote, amebaki mwanamke mmoja mwenye mimba. Anajifungua mtoto wa kiume, mtoto anakua, na siku moja anauliza: mama, watu wengine wako wapi? Mama anamweleza. Mtoto anatoka, anarudi na panzi mkononi, anatangaza: mama, nimemuua Shing'weng'we, shangilia! Mama anasemaje? Anamwambia mwanangu, huyo ni panzi, tumchome tule. Kesho yake anarudi na ndege, kisha na mnyama mkubwa zaidi, na kila mara anauliza, na kila mara mama anajibu kwa upole kwamba bado, huyo siye. Mpaka siku anapokutana nalo lenyewe, akaliua, akalipasua, watu wakatoka.

Huwa tunaisimulia hadithi hiyo kama hadithi ya shujaa na jitu, tunakimbilia upasuaji. Mimi naomba siku moja mkae kwenye panzi. Mama yule yu peke yake duniani na mtoto wake, adui yupo kweli, na mtoto anamletea panzi. Hakumcheka. Hakumwambia wewe ni mdogo, nyamaza. Hakumtishia kwa Shing'weng'we, ingawa kama kuna mzazi aliyewahi kuwa na jitu halisi la kutishia nalo, ni yeye. Alimpokea panzi wake, wakamla, wakangoja kesho. Nasema Gunilla Bergström na mama yake Masala Kulangwa wangekaa jamvi moja wakaelewana.

Jambo jingine ni sisi wakubwa wenyewe, na hapa nitapita haraka kwa sababu linauma.

Katika vitabu vya Alfons, baba si malaika. Anachoka, anatekwa na gazeti, anaitikia bila kusikiliza. Kuna kitabu cha mwaka 1975 ambamo asubuhi baba anamhimiza Alfons ajiandae, na kila anapoitwa Alfons anajibu kwamba anakuja, ila kwanza amalize hili, na lile, na lile. Mwishowe mtoto yu tayari kabisa. Na baba? Baba amezama katika gazeti, na sasa yeye ndiye wa kungojewa. Watoto huanguka chini kwa kicheko wanapofika hapo. Wazazi hucheka kidogo, halafu huiangalia simu iliyo mkononi. Naona wawili watatu humu wameshaiweka mfukoni, asanteni.

Tena, nyumbani kwa Alfons hakuna mama. Katika kitabu kile cha kwanza mama hatajwi hata kidogo. Hatuambiwi amekufa, ameachika au amesafiri. Mtoto ana baba, basi, na usiku unaendelea. Mnajua ninavyoupenda ukimya huo? Katika darasa moja la awali hapa jijini utamkuta anayelelewa na bibi, anayelelewa na shangazi, aliye na baba peke yake kule Igoma, na yule ambaye mama yake yuko Geita kwenye machimbo na hurudi sikukuu. Kisha tunafungua kitabu cha kiada na picha ya familia ni baba, mama, kaka, dada, wote wamesimama mstari mmoja mbele ya nyumba ya bati, wamechana nywele.

Niseme juu ya katuni, kwa sababu najua ndiyo iliyowaleta vijana wa nyuma.

Alfons aliingia katika televisheni ya Uswidi kuanzia mwaka 1979, kwa kazi ya mchoraji Per Åhlin na muziki wa Georg Riedel, mpiga besi wa jazi. Huku bara wakati huo hatukuwa na televisheni kabisa. Ilitufikia mwaka 1994. Tulikuwa na Radio Tanzania na kipindi cha Mama na Mwana, na wenye umri wangu mtakumbuka jinsi mtaa mzima ulivyotulia kikianza. Sifa kubwa ya katuni ile ya Alfons ni upole wa mwendo wake. Picha inakaa. Msimulizi anasimulia. Mtoto anapata muda wa kuona kabati kabla halijafunguliwa.

Linganisheni na kinachotazamwa sasa. Katika vibanda umiza vyetu, watoto wa miaka mitano wanajipenyeza kutazama filamu za vita zilizotafsiriwa kwa sauti ya kunguruma. Nyumbani, simu imekuwa yaya: mtoto akilia, shika simu. Sisemi simu ichomwe moto. Wapo Watanzania waliotengeneza katuni za watoto kwa ustadi. Kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanza na Ubongo Kids mwaka 2014, ilitupatia baadaye Akili and Me, ambamo Akili, mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, akisinzia tu anaingia katika nchi ya ndoto na kujifunza herufi na namba pamoja na wanyama rafiki zake. Ni kazi nzuri, na wajukuu wangu wanaiimba. Ila mniruhusu nimwonee wivu mama yake Akili, ambaye mwanawe hulala upesi namna ile. Akili anatufundisha yanayotokea baada ya usingizi. Mimi leo niko kwenye ile saa moja na nusu kabla yake.

Na katika saa hiyo, kwa maoni yangu, kitabu kinaishinda katuni kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: kitabu hakijisomi. Katuni unaweza kumwachia mtoto ukaenda kuosha vyombo. Kitabu kinakulazimisha ukae, na ukishakaa, nusu ya shida ya mtoto wa usiku imekwisha, kwa kuwa nusu hiyo ilikuwa kwamba hujakaa.

Ndugu zangu, vitabu kama hivyo kwa watoto wetu vitatoka wapi? Kabla hamjasema wafadhili, nawakumbusha historia ya mji huu.

Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, katika Mikoa ya Ziwa, na makao yake yakawa hapa Mwanza. Siri yake ilikuwa nini? Mkulima wa pamba hakufundishwa kusoma kwa habari za mfalme wa mbali. Alifundishwa kwa pamba. Mvuvi alifundishwa kwa uvuvi, mwenye migomba kwa migomba. Mtu alizifungua kurasa na kukuta jembe lake, shamba lake, maneno yake. Baadaye gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, likachapishwa papa hapa, ili waliokwisha kujua kusoma wasikose cha kusoma. Baba na babu zetu walipewa heshima ya kujikuta ndani ya kitabu wakiwa na miaka arobaini na hamsini. Nauliza, na nitauliza tena: mtoto wa miaka minne amekosa nini hata asipewe heshima hiyo hiyo? Pamba yake ni ipi? Uvuvi wake ni upi?

Kazi ya mtoto wa miaka minne ni kuvaa kiatu na kukigundua kiko mguu usio wake. Ni uji wenye utando juu, ambao kwake ni jambo la kukatia rufaa. Ni mdogo wake aliyezaliwa juzi na kuchukua mgongo wa mama. Ni umeme kukatika akiwa amebaki peke yake upande wa pili wa chumba. Ni kushuka yale mawe ya Mabatini na Igogo kwenda shule, ambayo mtu mzima anayapita kwa hatua moja na yeye anayapita kwa makalio. Ni kivuko cha Kamanga kinapopiga honi sikioni mwake.

Na ni choo. Msicheke, nitakaa hapo kidogo.

Mzazi mmoja wa Sengerema alinisimulia habari za binti yake wa miaka minne aliyeanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa muda mrefu. Alichapwa. Aliaibishwa mbele ya wenzake kwa kutembezwa na godoro lake lililolowa, desturi ambayo naomba ife kabla yangu. Hakuacha. Bibi mmoja wa jirani ndiye aliyefikiria kumpeleka mtoto chooni na kusimama naye, na kumuuliza anaona nini. Mtoto akaonyesha tundu. Walikuwa wamehamia nyumba mpya, na tundu la choo cha nyumba ile lilikuwa pana kuliko la zamani. Mtoto alikuwa amepima kwa macho, akaona kwamba yeye anaingia. Basi. Kila jioni alikuwa anajizuia mpaka usingizi unamshinda. Bibi alimtafutia kopo, akamwekea karibu na mlango, godoro likakauka.

Hicho ni kitabu. Kiko kamili: kurasa za kwanza tunamwona mtoto anakataa, za katikati tunaona wakubwa wanavyokisia vibaya, kisha ukurasa mzima wa tundu, limechorwa kwa ukubwa anaouona yeye na si tunaouona sisi, na mwisho kopo. Hakihitaji swali la umejifunza nini. Na nawahakikishia kwamba hakuna mtu wa Stockholm wala wa Dar es Salaam atakayekiandika. Anayekijua ni mama wa Sengerema.

Hatuhitaji mtambo wa uchapaji kuanza. Karatasi za manila nne zikikunjwa katikati na kupigwa stepla mgongoni ni kitabu cha kurasa kumi na sita. Chuo cha Ualimu Butimba kimekuwa kikifundisha walimu wa sanaa kwa miaka mingi, na wachoraji wa vibao vya mitaani wa mji huu wana mikono ambayo wengi tunaionea fahari bila kuiajiri. Maneno yawe machache kila ukurasa, sentensi moja au mbili. Picha iwe ya kimo cha mtoto: kama yeye anaona magoti ya watu, chora magoti. Na mwandishi ajizuie, narudia, ajizuie, asimlete mwalimu au mchungaji au shekhe katika ukurasa wa mwisho kuja kuhitimisha.

Nimeombwa nijibu swali moja lililoandikwa na kupitishwa mbele, na muda wangu umebaki wa hilo tu. Mzazi anauliza: "Mwalimu, mwanangu akiniita mara ya sita, na mimi alfajiri natakiwa Mwaloni kununua dagaa, nifanyeje?" Ndugu mzazi, swali lako ni la haki, na baba wa Alfons hakulijibu vizuri, yeye alilala sakafuni. Mimi nakushauri uende, lakini ukifika usilete tena maji wala tochi. Keti chini, muulize anaogopa nini au anangoja nini, na umsikilize mpaka amalize, hata kama ni upuuzi, kisha mwambie saa utakayoondoka na nani atakuwepo akiamka. Wengi wanaoita mara ya sita wanauliza hilo la mwisho.

Na jibu la mtoto, ndugu zangu, liandikeni. Katika meza ile ya mlangoni kuna karatasi na kalamu. Kila mmoja aondoke na karatasi moja, na kwa muda wa juma zima aandike lalamiko moja la mtoto wake kwa siku, kwa maneno ya mtoto, bila kulisahihisha na bila kuongeza jibu lako. Kama nyumbani mnasema Kisukuma, Kikerewe au Kijita, andika kwa lugha hiyo. Walimu wa awali watazikusanya Jumatatu asubuhi watoto wanapoletwa, na wachoraji wameomba wazipate kabla ya Jumatano.